Kidole Gumba cha Elikana

Waliompiga Elikana hawakuwa na haraka. Naqib Kheiria binti Suud, kapteni wa polisi ya Muscat, aliliona hilo kabla daktari wa polisi hajafungua mkoba wake. Magoti yote mawili yalikuwa yamevunjwa, kisha kiwiko cha kushoto, kisha mbavu. Pigo la kisogoni ndilo lililokuja mwisho. Damu ilikuwa imeruka mpaka kwenye pazia, na kwenye ukuta mweupe ilikuwa imechora mistari mirefu iliyopinda, kila mstari na pigo lake.

Ilikuwa Ijumaa, saa nane na robo mchana. Chini ya jengo, kwenye vichochoro vya Hamriya, washonaji walikuwa wanafungua tena maduka yao baada ya sala. Mmoja wao, anayekaa chumba cha jirani, ndiye aliyerudi kutoka msikitini akakuta mlango uko wazi na mtu amelala kifudifudi kwenye mkeka.

Daktari alisema alikufa baina ya saa sita na nusu na saa saba na nusu. Saa hizo ghorofa nzima ilikuwa tupu, watu wako msikitini. Aliyekuja aliijua saa yake.

"Mlango haujavunjwa," alisema Raqib Talal, sajini na msaidizi wa Kheiria, aliyekuwa amechutama mbele ya kitasa. "Kafunguliwa, au alikuwa na ufunguo."

Kheiria alikuwa amepiga magoti karibu na mkono wa kulia wa maiti. Mkono ule ulikuwa na historia fupi, na kadi ya kubadilishia bendeji, iliyokuwa mfukoni mwa maiti, iliieleza yote. Elikana, Mtanzania kutoka Kasulu, miaka thelathini na minne, mfanyakazi wa kiwanda cha marumaru huko Rusayl. Tarehe tisa ya mwezi uliopita msumeno wa kukatia mawe ulimkata vidole vitatu na kukipasua kidole gumba kwa mshazari. Gumba lilishonwa, mishono saba. Ukutani palikuwa na kalenda, na Jumapili ya keshokutwa ilikuwa imezungushiwa duara. Elikana aliandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto uliokuwa bado unajifunza: shauri la kazi, saa tatu asubuhi.

Bendeji ilikuwa sakafuni, imefunguliwa kwa mkasi. Kheiria alikigeuza kidole gumba kuelekea dirishani. Kilikuwa kimefutwa kwa kitambaa, lakini ndani ya mishono, pale kitambaa kisipofika, wino wa zambarau ulikuwa umetulia.

"Kuna mtu kachukua basma yake," alisema. Basma ni alama ya dole, na Muscat nzima vibarua hutia basma kwenye karatasi wasizozisoma.

Talal alisogea. Mishono miwili ilikuwa imefumuka na nyama ilikuwa wazi. Kheiria alimuuliza daktari kwa nini pale hapakuwa na damu. Daktari aliinama, akatazama, akasema kwamba nyama ya mtu aliye hai ikifumuka hivyo lazima itoke damu.

"Basi walimuua kwanza," alisema Kheiria, "halafu ndiyo wakachukua walichokijia."

Vitu vingine viwili alivitia katika daftari lake. Juu ya jiko la gesi palikuwa na sahani mbili za wali, zote zimeliwa nusu. Na nyuma ya mlango wa choo palikuwa na makubadhi ya kike, madogo, ya rangi ya maziwa. Dirisha la choo lilitazama bomba la maji linalopanda juu ya paa. Kwenye kutu ya bomba palikuwa na alama mbichi za vidole vya miguu. Faili la plastiki ambalo Elikana angelipeleka kwenye shauri lilikuwa kitandani, tupu.

Saa kumi askari wakamleta Justus.

Walimkamata nyuma ya dobi, mitaa miwili kutoka pale, akijaribu kufua shati. Alikuwa Mhaya wa Bukoba, mrefu, na alikuwa akikaa chumba kimoja na Elikana na kufanya naye kazi kiwanda kimoja. Shati lilikuwa limelowa damu kifuani. Kwenye nywele zake palikuwa na vumbi jeupe la marumaru, na daktari alikuwa ameshaliona vumbi hilohilo ndani ya kidonda cha kisogoni. Jirani alikuwa ameeleza pia kwamba Alkhamisi jioni aliwasikia wawili hao wakigombana mpaka sahani zikavunjika. Talal alisema kesi imekwisha kabla ya chai.

Kituoni Ruwi, Kheiria aliomba shati liletwe likiwa ndani ya mfuko wake wa nailoni. Akalitandaza mezani, Justus akiwa amekaa mbele yake na pingu mikononi.

"Ulikuwa wapi watu walipokuwa wanasali?"

"Kanisani, Afande. Hapa hapa Ruwi. Huku ibada yetu ni Ijumaa."

"Ilimalizika saa ngapi?"

"Sijui. Niliondoka katikati."

Talal alicheka kidogo. Kheiria hakucheka. Alimwonyesha Talal shati: mtu anayempiga mwenzake kwa chuma hurukiwa na matone, mikononi na usoni, na hapa hapakuwa na tone hata moja. Damu ilikuwa imepakazwa kwa upana, begani na kifuani. Hivyo ndivyo inavyokuwa ukimbeba mtu au ukimkumbatia. Mikono ya Justus haikuwa na wino wowote, hata chini ya kucha.

"Mimi siamini kama umemuua," Kheiria alimwambia. "Lakini nnakuuliza kitu kimoja. Ufunguo wako wa chumba uko wapi?"

Justus alitazama meza.

Alieleza kwa vipande. Kiwandani kulikuwa na mtu aitwaye Yaqdhan, mandub wa kampuni, yaani mtu wa kushughulikia karatasi zote za wafanyakazi: viza, mikataba, vibali. Sheria ya nchi ilitaka kila mfanyakazi, mwenyeji au mgeni, asajiliwe kwenye bima ya ajali za kazini, ili akiumia atibiwe na alipwe, na akifa watu wake wasiachwe hivi hivi. Yaqdhan alikuwa amemhakikishia mwenye kiwanda kwamba hilo limefanyika. Halikufanyika. Watu arobaini na mmoja walikuwa wanasukuma mawe kwenye misumeno, na hakuna jina hata moja lililokuwa kwenye orodha ya bima.

Elikana alipokatika vidole, Justus ndiye aliyezima mashine na kumfunga mkono kwa fulana yake. Siku ya pili Yaqdhan akapeleka ripoti kwamba Elikana ni mtoro, kaacha kazi tangu tarehe tano na ameumia huko alikokwenda. Mtu akishaandikwa mtoro hana kazi, hana matibabu, na akionekana barabarani anakamatwa. Elikana alikataa kunyamaza. Alipeleka shauri lake mwenyewe, akiwa na karatasi ya hospitali iliyoandikwa saa na dakika aliyofikishwa huko akiwa bado amevaa ovaroli ya kiwanda.

"Kaka alikuwa anajua sheria kuliko sisi wote," Justus alisema. "Alisema mkataba ukiisha ana haki ya kuhamia kwa bosi mwingine bila kuomba ruhusa ya mtu, na kidole kikikatika ana haki ya kulipwa kama Mwomani. Alitusomea usiku na mchana. Mimi nilimwambia aache. Ndiyo tukagombana."

"Kwa sababu gani ulimwambia aache?"

"Kwa sababu Yaqdhan alishanifuata. Alitaka Elikana atie dole kwenye karatasi kwamba aliacha kazi tarehe tano. Alisema wataongea naye tu. Alisema nisipotoa ufunguo, jina langu litafuata kwenye orodha ya watoro." Akainua pingu akafuta uso. "Nilimpa Alkhamisi. Leo kanisani sikuweza kukaa. Nilitoka mbio. Nilimkuta bado wa moto."

Kheiria alimuuliza habari za makubadhi. Justus alisema hajui ni ya nani, akasema hivyo haraka mno. Aliachwa mahabusu alale na swali hilo.

Jumamosi asubuhi Kheiria alikwenda Rusayl. Alimwacha askari mmoja na gari kwenye geti la kiwanda, akavuka uwanja kwa miguu. Misumeno ilikuwa inalia ndani ya banda kubwa la mabati, na vumbi lilikuwa limefunika kila kitu, mitende, magari, hata nyusi za watu. Wafanyakazi walimtazama wakainamisha vichwa.

Yaqdhan alikuwa na ofisi yenye kiyoyozi na zulia. Mtu wa miaka arobaini na kitu, kanzu safi, kofia iliyotiwa uzi mzuri. Waliamkiana kwa Kiarabu. Alipolisikia jina la Kheiria alitabasamu, akahamia Kiswahili cha Unguja kama mtu anayevua viatu mlangoni.

"Suud wa Malindi? Mamaangu akimtaja sana bibi yako. Basi sisi watu wamoja, dada. Karibu kahawa, karibu halwa."

Kheiria alikaa. Kahawa hakuigusa. Alisema amekuja kwa khabari ya marehemu.

Yaqdhan alisikitika kwa maneno mengi. Akasema vijana wa bara wanakunywa, wanapigana, na huyu Justus aliyekamatwa ni mkorofi wa siku nyingi. Kampuni haina lawama, kwa sababu marehemu aliacha kazi mwenyewe. Alifungua mtoto wa meza akatoa faili, na ndani ya faili akatoa karatasi moja, akaiweka mbele ya Kheiria na kuinyoosha kwa kiganja.

Ilikuwa imeandikwa kwa Kiarabu. Mimi, Elikana, nimeacha kazi kwa hiari yangu leo tarehe tano, sina madai yoyote kwa kampuni. Chini palikuwa na dole la zambarau.

"Kwa nini hakutia saini?" Kheiria aliuliza.

"Hajui kuandika, dada. Wengi wao hawajui."

Kheiria alipindua faili kidogo. Chini ya karatasi ile ulikuwepo mkataba wa Elikana wa miaka mitatu nyuma, na kwenye kila ukurasa palikuwa na saini yake, jina zima, herufi za kushikana, nzuri kama za mwalimu. Alitoa kioo cha kukuzia akakiweka juu ya dole.

Mistari ya ngozi ilikuwa imezunguka vizuri, kama kawaida ya dole la gumba. Lakini katikati palikuwa na mfereji mweupe uliopita mshazari, na kila upande wa mfereji palikuwa na nukta tupu, zimepangana mbilimbili. Alizihesabu. Zilikuwa jozi saba.

Alitoa simu, akafungua picha ya kidole iliyopigwa chumba cha maiti, akailaza kando ya karatasi. Mfereji ulikuwa mmoja. Nukta zilikuwa zilezile, na mahali ambapo mishono miwili ilifumuka, kwenye karatasi wino ulikuwa umejaa doa.

Msumeno ulimpasua Elikana tarehe tisa. Karatasi ilikuwa ya tarehe tano, na dole lake lilikuwa limeshashonwa.

Alipoinua kichwa Yaqdhan alikuwa anaitazama picha. Tabasamu lilikuwa bado lipo, lakini macho yalikuwa yameshaondoka. Alisema kwa utulivu kwamba kuna daftari la mahudhurio ofisi ya pili, litaeleza zaidi, ataleta sasa hivi. Akatoka, akafunga mlango polepole.

Simu ya Kheiria ililia mkononi. Alikuwa Talal.

"Naqib, Justus kasema. Makubadhi ni ya mke wa Elikana. Anaitwa Nyamizi, mtumishi wa nyumbani Wattaya, kwa mwalimu mmoja, Bibi Ghadeer. Ijumaa huja pale; bila shaka ndiye aliyetokea dirisha la choo. Halafu kuna jengine. Jana saa nane Yaqdhan kampigia simu Justus, kamuuliza makubadhi ya nani, na Justus kwa woga kamwambia."

"Huyo Nyamizi yuko wapi?"

"Ndiyo nnakwambia. Bibi Ghadeer kaja kituoni asubuhi hii. Kasema mtumishi wake alirudi jana mchana, akaingia jikoni, kisha akatoka kutupa taka na hajarudi tena. Kaandikisha ripoti ya utoro."

Kheiria alikwenda dirishani. Yaqdhan hakwenda ofisi ya pili. Alikuwa anavuka uwanja kwa hatua ndefu, kanzu ameipandisha mkononi, anaelekea nyuma ya banda la misumeno. Pale palikuwa na kontena la bluu, na mbele yake dereva wa kampuni alikuwa amekaa juu ya ndoo.

Alimwambia Talal alete watu, akamwita kwa redio askari wa getini, akatoka mbio.

Ndani ya banda hakuweza kusikia hata nyayo zake. Alipita kati ya misumeno, maji meupe yakimrukia miguuni, na alipotokea upande wa pili dereva alimwona, akasimama, akakimbia. Mlango wa kontena ulikuwa wazi nusu.

Nyamizi alikuwa sakafuni, amefungwa mikono kwa waya wa kufungia mawe. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe, midomo imepasuka, na miguu mitupu ilikuwa na michirizi ya damu iliyokauka tangu aliposhuka kwenye paa. Yaqdhan alikuwa amemkanyaga kifundo cha mguu na ameinua nondo. Alikuwa anapiga kelele, anauliza karatasi za hospitali ziko wapi. Nyamizi alikuwa anamtazama kwa jicho lile moja na hajibu.

Kheiria alimrukia kutoka nyuma. Nondo ilishuka pembeni ikalia kwenye bati. Wakaanguka wote wawili. Yaqdhan alikuwa na nguvu kuliko alivyoonekana, akageuka na kumpiga ngumi ya shavu, kisha akainuka na nondo yake. Kheiria aliinua mkono wa kushoto kujikinga kichwa. Alisikia mfupa ukivunjika kabla ya kusikia maumivu.

Pigo la pili lingekuwa la kichwa. Nyamizi, akiwa amelala na mikono yake imefungwa, alimtia Yaqdhan meno kwenye shavu la mguu, akayakaza mpaka damu ikamtiririka kidevuni, asiachie hata alipopigwa teke la shingo. Yaqdhan alipiga yowe akayumba. Kheiria aliokota kipande cha marumaru kwa mkono uliobaki, kizito kama tofali, akamshushia nacho kwenye goti. Goti likalegea upande usio wake. Akampiga tena, kwenye kifundo cha mkono, na nondo ikaanguka.

Hapo misumeno ikanyamaza.

Mtu alikuwa amezima umeme. Ukimya ulikuwa mzito hata vumbi lilionekana kusimama hewani. Mlangoni mwa kontena wakaanza kujitokeza wafanyakazi, weupe kwa vumbi kutoka kichwani mpaka miguuni, Wabangladeshi, Wahindi, Watanzania wawili, Mkenya mmoja. Walimtazama Nyamizi. Kisha wakamtazama Yaqdhan, anayejaribu kujiburuta.

Wa kwanza alimpiga teke la mbavu. Wa pili akaiokota nondo. Katika muda wa kuvuta pumzi mbili walikuwa wamemzunguka, na sauti ya viatu vya kazi ikipiga nyama ndiyo pekee iliyosikika, kwa sababu hakuna aliyesema kitu. Jino liliruka likagonga ukuta wa kontena.

Kheiria alijiingiza katikati, mkono wake uliovunjika unaning'inia. Alipigwa teke la paja lisilomlenga yeye. Alimshika aliyekuwa na nondo, kijana Mtanzania ambaye machozi yalikuwa yamemchorea mifereji usoni, akamvuta shati mpaka wakatazamana.

"Ukimuua huyu, wewe ndiye utakayefungwa," alimwambia. "Na shauri la Elikana litakufa naye. Nnamtaka akiwa hai. Nnamtaka asimame mbele ya hakimu aulizwe."

Kijana aliitazama nondo kama hajui imefikaje mkononi mwake. Akaiachia. Askari wa getini alifika akiwa ameshika pingu, na wafanyakazi wakasogea, mmoja mmoja, wakampisha.

Dereva alikamatwa barabarani kabla ya adhuhuri. Hakuhitaji kuulizwa mara mbili: yeye ndiye aliyemshikilia Elikana miguu. Alisema Elikana alipewa kalamu kwanza, akaikataa. Wakamvunja magoti, akaikataa. Aliambiwa afikirie maisha yake, naye akawajibu kwamba ndiyo anayoyafikiria. Yaqdhan alimpiga kisogoni kwa hasira, kisha alipoona kaua, akamtuma dereva akatafute mkasi wa kukatia bendeji.

Nyamizi alishonwa nyusi na mdomo, Kheiria akatiwa plasta mkono, hospitali moja, vitanda viwili vilivyotenganishwa kwa pazia. Pazia lilipofunguliwa Nyamizi alianza kusema mwenyewe. Ijumaa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alikuwa chooni ufunguo ulipozunguka mlangoni. Elikana alipoona ni kina nani alipiga hatua mbili kurudi nyuma, akasukuma faili lililokuwa sakafuni ndani ya choo kwa kisigino, akaurudisha mlango. Alisikia magoti yakivunjwa. Alipanda bomba na karatasi ndani ya nguo, akiwa bado anasikia. Faili tupu alilitupa ndani kupitia dirishani ili wadhani karatasi hazikuwepo; kitandani walilifikisha wao.

"Sikupiga kelele, mama," alisema. "Ningepiga kelele wangezipata."

Karatasi alizificha jikoni kwa mwajiri wake, chini kabisa ya pipa la mchele. Talal alikwenda akazikuta. Karatasi ya hospitali ilikuwepo, yenye saa na dakika.

Ilibaki jambo moja, na Kheiria alimweleza Nyamizi ndani ya gari, Talal akiendesha kuelekea chumba cha maiti. Hakutaka kulisema kituoni mbele ya watu. Bibi Ghadeer alikuwa ameleta mkataba wa Nyamizi. Mkataba ulisema hajaolewa. Wakala wa Dar aliandika hivyo kwa sababu nyumba nyingi hazitaki mtumishi mwenye mume mjini, na Nyamizi alitia saini. Bibi Ghadeer alikuwa mwanamke mwenye huruma, alikuwa ameshafuta ripoti ya utoro na kulia, lakini alikuwa amesema waziwazi kwamba nyumbani kwake hataki mtu aliyemdanganya.

"Kwa hivyo sikiliza," Kheiria alisema. "Haki ya Elikana ya kuumia kazini haikufa. Inakwenda kwa warithi wake. Ukisema wewe ni mkewe, ni yako, na nitakusaidia kuitafuta hati ya ndoa. Lakini utakuwa umekiri kwamba mkataba wako una uongo. Unaweza ukapoteza kazi, unaweza ukarudishwa kwenu kabla shauri halijakwisha, ukalidai ukiwa Tabora, kwa simu na karatasi, na sikudanganyi, huo ni mwendo mrefu. Ukisema wewe ni rafiki tu, jamaa wa kijiji, utabaki. Ushahidi wako wa kuuawa hautapungua kitu. Hakuna atakayekuuliza zaidi."

Nyamizi aliuliza kama rafiki anaruhusiwa kumwona.

"Hapana. Watu wake tu."

Chumba cha maiti kilikuwa na dirisha dogo la kioo na karani mzee nyuma yake, miwani imemshuka puani. Kheiria aliweka kitambulisho chake, akasema amekuja na mtu wa kutambua maiti. Karani alivuta fomu. Aliandika jina la Elikana taratibu, akamtupia macho Nyamizi, kwenye jicho lililovimba na viatu vya plastiki alivyopewa hospitali, kisha akamgeukia Kheiria na kumuuliza kwa Kiarabu huyu mwanamke ni nani kwa marehemu.

Kheiria alijiweka kando ya dirisha. Hakumtazama Nyamizi.

Kiarabu cha Nyamizi kilikuwa cha jikoni, cha kuagizwa vitunguu na kuitwa na watoto. Alisogea mbele mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Ana zawjatuh," alisema. Mimi ni mke wake.

Karani aliandika. Alimuuliza jina lake kamili, na Nyamizi akalitaja, kisha la baba yake, kisha la kanisa na mwaka walioozwa, ingawa hilo la mwisho hakuulizwa. Karani akapiga muhuri, akabonyeza kengele, na mlango wa ndani ukafunguliwa.